Kigari cha Gofu kwa Wageni wa Kambi: Cha Kuchagua na Namna ya Kukifikisha Msituni

Maelezo kwa vikundi vya vijana, vyama vya akina mama na waongoza wageni wa Iguhu



Mgeni anayekuja kulala kambini katika msitu wa Kakamega haji mikono mitupu. Huja na hema, godoro, mtungi wa gesi, maji, sufuria, na mara nyingi na watoto. Wengine hupiga hema upande wa kusini, Isecheno, unaosimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Wengine huenda kaskazini, Buyangu, sehemu iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985 na iliyo chini ya KWS. Kokote waendako, swali ni lile lile: nani atabeba mizigo, na nyanya aliyechoka magoti atauonaje msitu?

Hapo ndipo wazo la kigari cha gofu huzuka, kile kigari kidogo ambacho wachezaji hupanda uwanjani. Wazo si baya. Cha umeme hakipigi kelele, kwa hiyo mbega na kima hawakimbii kabla wageni hawajawaona. Mzee au mtu mwenye ulemavu hupata kuona miti ambayo angesimuliwa tu. Lakini pesa zinazotumika ni za chama, shilingi zilizowekwa kidogo kidogo kila wiki, na kigari hiki kilitengenezwa kwa ajili ya nyasi zilizokatwa na ardhi isiyo na mawe. Barabara za kwetu kila mtu anazijua. Kakamega hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha alasiri, na udongo mwekundu ukilowa huwa kama sabuni.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, hesabuni uzito. Kigari cha kawaida cha viti viwili hubeba takribani kilo 360, watu wakiwemo. Watu wazima wanne wa kilo 70 ni kilo 280. Wakiongezewa hema mbili, maji lita 40 na chakula, nafasi imekwisha. Muuzaji atasema kinabeba zaidi. Kitabeba, ila kwenye mteremko ndipo mtakapolipa. Vigari vingi vya aina hii vina breki kwenye magurudumu ya nyuma pekee, na kikishuka kilima kikiwa kimejaa kupita kiasi, juu ya udongo uliolowa, magurudumu hayo hukwama na kigari huendelea kuteleza. Vingi pia havina mikanda ya usalama wala milango. Mtoto aliyeketi pembeni anaweza kurushwa nje kwenye kona. Anayenunua kwa kazi ya kambi aangalie breki za magurudumu yote manne, mikanda, sehemu za kushikilia na matairi yenye meno, na akague chini kuona kama tumbo la kigari liko juu ya kutosha kuvuka jiwe na mfereji. Taa na rangi nzuri zingoje.

Betri ndiyo moyo wa kigari cha umeme, na ndiyo inayowatia watu hasara wanaponunua kilichotumika. Vingi hutumia volti 48, mara nyingi kwa betri sita za volti 8 kila moja. Zile za maji, yaani za risasi na asidi, ni nzito, karibu kilo 30 kila moja, na zinahitaji kuongezwa maji safi ya betri na kutoachwa zikaisha kabisa. Zikitunzwa hudumu miaka michache, zikipuuzwa hufa mapema. Kununua sita kwa mpigo kunaweza kumeza mapato ya msimu mzima. Za lithiamu ni nyepesi na hudumu zaidi, lakini bei yake ya mwanzo ni kubwa. Mwenye kununua kilichotumika asikubali kukiona kikizunguka uani tu. Apande na watu watatu, apandishe kilima, arudi, kisha apime kila betri.

Swali la kuchaji nalo lisiachwe. Kuzijaza betri za maji huchukua usiku mzima, na pale kambini si lazima pawe na soketi. Kikundi kisichokuwa na mahali pa kuchaji karibu na msitu kitajikuta kikinunua jenereta, na utulivu uliokuwa ndio sababu ya kununua cha umeme utakuwa umepotea. Tena betri hizo zinapochajiwa hutoa gesi inayoweza kuwaka. Zichajiwe mahali penye hewa, mbali na jiko na moto wa kambi, wala si ndani ya nyumba watu wanamolala.

Sasa safari. Kutoka Iguhu hadi Isecheno watu hupitia Khayega na Shinyalu, na wengi hudhani kigari kitaendeshwa tu hadi huko. Hapana. Barabara ya umma ni ya chombo kilichosajiliwa na NTSA na chenye bima ya kumlinda mtu wa tatu. Kigari cha gofu kisicho na nambari hakiruhusiwi hapo, na hata sheria ingenyamaza, chombo kinachokwenda kilomita 20 na kitu kwa saa hakina usalama wowote kati ya matatu na malori ya barabara ya Kisumu. Lazima kibebwe.

Njia rahisi kwa wengi ni kukodi Canter. Kigari kina urefu wa mita 2.4 hivi na upana wa mita 1.2, kwa hiyo huingia bila shida. Pikapu inaweza kukibeba pia, lakini pimeni kwanza, hasa nafasi kati ya vifuniko vya magurudumu na kama mlango wa nyuma utafunga. Kwa trela, jumlisheni. Kigari chenye betri za maji kina karibu kilo 450, na trela yenyewe ikiwa na kilo 300, mmefika 750, ambao kwa magari mengi ndio uzito wa juu wa kuvuta trela isiyo na breki zake.

Kupakia kuna hatari kuliko mwendo wenyewe. Wafanyabiashara wa ng'ombe wana ujuzi hapa: hurudisha lori nyuma hadi kwenye ukingo wa ardhi ulio sawa na sakafu yake, na mnyama hutembea akaingia. Kigari nacho kipakiwe hivyo. Pasipo ukingo, tumieni mbao mbili nene na ndefu zilizofungwa kwenye lori zisiteleze, na asisimame mtu nyuma ya kigari kinapopanda. Vijana sita kukiinua kwa mikono ni kutafuta mgongo uliovunjika.

Kikiwa juu, breki ya mkono ivutwe na ufunguo utolewe. Vigari vingi vya umeme vina swichi chini ya kiti ya kuchagua kati ya kuendesha na kuvutwa. Iwekwe upande wa kuvutwa. Mikanda minne ya kufungia mizigo ifungwe kwenye chesisi au ekseli, pembe zote nne, kamwe si kwenye nguzo za paa, kwa maana nguzo hizo hupinda. Kioo cha mbele kikunjwe au kitolewe. Viti navyo vitolewe au vifungwe, kwani vingi vimewekwa tu na upepo huviinua. Baada ya kilomita chache, dereva asimame akaze mikanda upya. Kukikokota kwa kamba nyuma ya gari, magurudumu yakiwa chini, kusijaribiwe. Mota inaweza kuharibika, na hakuna anayeongoza vizuri.

Mkifika, ulizeni kituoni kabla ya kushusha. Njia za miguu ni za miguu, na kibali cha kuingia na chombo chochote hutolewa na wanaosimamia msitu.

Kwa vikundi vingi vya hapa, tuktuk ya mizigo ndiyo inayofaa zaidi. Hubeba karibu nusu tani, husajiliwa, hujiendesha yenyewe hadi msituni bila gharama ya Canter, na siku zisizo na wageni hubeba mahindi na saruji. Kigari cha gofu kina maana kwa kikundi chenye mahali pa kudumu karibu na msitu, umeme wa kuchajia na wageni wazee wa kutosha. Njia ya kuamua ni kuhesabu siku za wageni katika mwaka uliopita, si mwaka mnaoutarajia, na kulinganisha gharama ya kukodi kwa siku hizo na ya kununua.

Anayetaka kusajili tuktuk hufanya hivyo kwa NTSA kupitia eCitizen. Asiyejua kutumia mtandao anaweza kufika Huduma Centre mjini Kakamega akiwa na kitambulisho na PIN ya KRA. Dereva awe na leseni ya daraja linaloruhusu magurudumu matatu. Ya pikipiki ya kawaida haitoshi.