Utunzaji wa Tanga la Ngalawa

Jioni hii twataka kusema habari za tanga. Si tanga la jahazi kubwa lenye mabaharia wengi na fundi wake, bali lile la ngalawa na la mashua ndogo, ambalo mwenyewe hana budi kulishona kwa mkono wake.

Watu wengi hudhani kwamba tanga huharibiwa na upepo. Upepo hulipasua, ni kweli, lakini mara nyingi hulikuta limekwisha kufa. Lilianza kufa pwani, siku ile mvuvi aliporudi amechoka, akalizungushia foromali likiwa limelowa, akaenda zake nyumbani. Maji ya bahari yakikauka huacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa, hata nguo isikauke kabisa. Penye unyevu na joto koga huota, na koga ni kiumbe hai ambacho chakula chake ni nyuzi zenyewe za pamba. Vile vidoa vyeusi mvionavyo katika mikunjo si uchafu tu. Shikeni nguo mahali pale, mwivute kidogo kwa vidole, mtaiona ikiachana kama karatasi.

Basi tanga lioshwe kwa maji matamu kila yanapopatikana, hata ya mvua yafaa, litandazwe likauke, ndipo likunjwe. Walakini lisiachwe juani kutwa, siku baada ya siku, kwa maana jua nalo hudhoofisha nyuzi. Siku hizi wako watumiao nguo za poliesta, nyuzi zilizovumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na mabwana Whinfield na Dickson. Hizo haziozi upesi kama pamba, lakini jua haliziachi.

Tena yafaa kulikagua tanga kabla ya kulitweka, wala si kwa kulitupia jicho tu. Liinueni mkono kwa mkono kuelekea mwanga. Angalieni hasa linapofungwa kwenye foromali, linaposuguana na mlingoti, na pembe ile inayofungwa demani, ambayo hubeba nguvu nyingi kupita nyingine. Tazameni na mishono: uzi hukaa juu ya nguo, kwa hiyo husuguliwa ukakatika nguo ingali nzima. Mshono uliofumuka shibiri moja ni kazi ya dakika chache. Ukiachwa hata ufike kwenye dasi, ile kamba ya ukingoni, ni kazi ya siku nzima.

Pengine mtu atasema, tundu dogo kama shilingi lina neno gani? Fikirini jinsi nguo inavyopasuka. Uzi mmoja ukikatika, mzigo wake huhamia kwa jirani yake. Naye akishindwa, humwachia wa tatu. Mvuvi ametoka alfajiri kwa umande, akavuka mwamba. Kusi likamkuta nje likivuma kwa nguvu, na tundu lile likakimbia kutoka katikati hata ukingoni kwa pumzi moja. Ngalawa isiyo na tanga haiwezi kubisha. Wamebaki watu wawili na kafi zao, na maji yanakupwa, yakitoka kwa nguvu penye mlango wa mwamba. Huko nje hakuna wa kuwapa sindano.

Sasa kiraka. Wasomaji wa Injili wanakumbuka habari ya kiraka kipya katika vazi kuukuu. Ndivyo ilivyo kwa tanga. Nguo mpya ya pamba ikilowa hujikunja, ikaivuta ile iliyochakaa na kuipasua kandokando ya mshono. Afadhali kipande cha tanga la zamani ambacho kingali imara. Na kama hamna ila nguo mpya, ifueni kwanza ikauke. Kiraka kipite tundu vidole vitatu kila upande, na nyuzi zake zilale sawa na nyuzi za tanga, mtande kwa mtande na mshindio kwa mshindio. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kiraka kilichowekwa mshazari hunyooka kwa namna yake na tanga kwa namna yake, likafanya tumbo mahali pasipotakiwa.

Pakeni uzi nta ya nyuki ili upite vizuri na usilowe upesi. Kunjeni kingo za kiraka ndani, mshone pande zote. Kisha geuzeni tanga, mkate zile nyuzi zilizochanika mpate tundu la mraba lenye kingo safi, mzikunje kingo hizo na kuzishona juu ya kiraka. Msivute uzi kwa nguvu kama mfunga mzigo, kwa maana mshono uliobana sana huikata nguo kama kisu.

Tanga likiisha kushonwa, litwekeni kwanza karibu na pwani, katika upepo mwanana, mmoja ashike demani na mwingine atazame kiraka. Mkiona mikunjo inatoka kwenye pembe zake kama miale, litueni, mfumue, mshone tena.