Mchezo wa Kura Darasani: Kushinda na Kushindwa kwa Kanuni

(Mazungumzo kwa walimu, wazazi na viongozi wa wanafunzi wa Hagadera, Kaunti Ndogo ya Fafi)



Mchezo wa shax hauhitaji maelezo mengi hapa Hagadera. Mistari huchorwa mchangani, kila mchezaji huwa na vipande 12, na anayefaulu kupanga vitatu kwenye mstari mmoja hupata jare na kuondoa kipande cha mwenzake. Mtoto hafundishwi kanuni hizo kwa hotuba. Huzijua kwa kutazama wakubwa, kujaribu na kupokonywa vipande. Hujifunza pia kwamba anayevuruga mchezo kwa sababu ameshindwa hapati wa kucheza naye kesho.

Somo la uraia na uchaguzi mara nyingi huenda kinyume cha hivyo. Mwanafunzi hukariri kwamba Mkenya huchagua watu sita: Rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike wa kaunti na mwakilishi wadi. Hupata alama zake kwenye mtihani. Lakini akiulizwa kura ikishatumbukizwa sandukuni inapitia wapi hadi mshindi atangazwe, hunyamaza. Pengo hilo ndilo ambalo michezo ya mtandaoni inaweza kusaidia kuziba, ikitumiwa kwa uangalifu.

MICHEZO ILIYOPO

Mfano unaojulikana sana umetoka Marekani. Mwaka 2009 Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, alianzisha iCivics baada ya kustaafu. Michezo yake huchezwa bure. Katika mchezo wa Win the White House, mwanafunzi huwa mgombea urais: huchagua hoja za kutetea, huchangisha fedha na kuamua ni jimbo gani aende kufanya kampeni. Katika Cast Your Vote, huwa mpiga kura anayewauliza wagombea maswali na kupima majibu yao.

Kenya nayo haikubaki nyuma. Kabla ya uchaguzi mkuu wa Machi 2013, kampuni ya Afroes ilitoa mchezo wa simu uitwao Haki 2: Chaguo ni Lako, uliowalenga vijana kwa ujumbe wa amani. Sababu ilikuwa wazi. Tume ya Waki ilikuwa imehesabu vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007.

Hata hivyo, mchezo wa kigeni huja na katiba ya kigeni. Rais wa Marekani huamuliwa na wajumbe 538, na anayepata 270 ndiye mshindi, hata kama mpinzani wake amepata kura nyingi zaidi za wananchi. Mwanafunzi wa Fafi akicheza mchezo huo bila mwalimu kando yake, anaweza kuamini kwamba hata Kenya mambo ni hayo. Kwa hiyo mchezo wa nje utumike kama mlango tu. Mwalimu awaongoze wanafunzi kutoka hapo hadi kwenye Katiba ya Kenya ya 2010.

HESABU YA IBARA YA 138

Ibara ya 138 inasema mshindi wa urais ni lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Wanafunzi wapewe kisa hiki: mgombea amepata asilimia 54 ya kura zote nchini, lakini amefikisha asilimia 25 katika kaunti 21 pekee. Je, ameshinda? Wengi watasema ndiyo. Jibu ni hapana. Kura hurudiwa ndani ya siku 30 kati ya wawili walioongoza.

Mwanafunzi aliyeipiga hesabu hiyo mwenyewe ataelewa ni kwa nini mgombea hawezi kutegemea eneo lake pekee, na ni kwa nini kura ya Garissa ina uzito hata kama wapiga kura wake ni wachache kuliko wa Nairobi au Kiambu.

Mchezo usiishie kwenye ushindi. Katiba imempa aliyeshindwa njia pia: siku saba za kuwasilisha kesi katika Mahakama ya Juu, na mahakama ina siku 14 za kuamua. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilibatilisha uchaguzi wa urais kwa sababu ya dosari za mchakato, na Wakenya wakarudi kupiga kura. Mchezo usio na hatua hiyo unamfundisha mtoto nusu ya demokrasia, nayo ni nusu rahisi.

HALI YA HAGADERA

Hapa kuna jambo ambalo shule nyingi za Kenya hazina. Katika mazingira ya Hagadera, watoto wa wenyeji wa Fafi na watoto wa wakimbizi husoma mtaala mmoja wa Kenya. Mwanafunzi mmoja akitimiza miaka 18 atachukua kitambulisho na kujiandikisha kuwa mpiga kura. Mwenzake, aliyezaliwa hapa hapa kambini, hatapiga kura hiyo kwa sababu si raia.

Je, somo hili linamhusu huyo wa pili? Linamhusu sana. Wakazi wa kambi za Dadaab huchagua viongozi wao, mwenyekiti mwanamume na mwenyekiti mwanamke. Shule nazo huchagua viongozi wa wanafunzi. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unalenga kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Watu watakaoishi pamoja watahitaji kujua kuhesabu kura pamoja, na kukubali matokeo pamoja.

Wapo pia vijana Wakenya wa kaunti hii ambao alama zao za vidole ziliwahi kuingia kwenye sajili ya wakimbizi, familia zao zilipotafuta chakula na huduma kambini. Baadaye walipoomba kitambulisho, walikwama. Asiye na kitambulisho wala pasipoti hawezi kujiandikisha kupiga kura. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya mchezo wowote wa uchaguzi hapa iwe usajili, kabla ya kampeni. Mtoto ajue mapema ni stakabadhi gani zinahitajika na ofisi gani ya kuendea.

KIPINDI KIMOJA, SIMU MOJA

Vifaa vipo kwa kiasi. Tangu mwaka 2013 Vodafone Foundation na UNHCR wamekuwa na mradi wa Instant Network Schools, na Dadaab ni miongoni mwa maeneo yaliyofikiwa kwa tableti, umeme wa jua na intaneti. Pale ambapo mtandao ni hafifu au bando ni ghali, simu moja ya mwalimu inatosha kundi zima. Mpango ufuatao unaweza kufanyika kwa vipindi viwili.

Kwanza, dakika 20 za mchezo. Wanafunzi wakae watano watano na kila uamuzi ukubaliwe na kundi kabla ya kubonyeza.

Pili, simu iwekwe kando na darasa ligeuzwe vituo vya kura. Kila kundi lipate karatasi za kura, karani, msimamizi wa kituo na mawakala wa vyama vya kubuni. Kura zihesabiwe mbele ya wote na matokeo yaandikwe kwenye karatasi iliyochorwa kama Fomu 34A, ambayo hujazwa katika kila kituo kwa kura ya urais. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na vituo 46,229. Hesabu zote huanzia katika karatasi hiyo moja.

Tatu, mwalimu aingize kosa kwa makusudi: kura zilizohesabiwa zizidi watu walioandikishwa. Wanafunzi walitafute na waseme wangefanya nini bila kurushiana maneno.

Nne, walioshindwa wazungumze kwanza. Waeleze wanakubali nini, wanapinga nini na kwa ushahidi gani.

MAMBO YA KUEPUKA

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na joto la siasa litafika hadi shuleni. Majina ya wanasiasa halisi, vyama halisi na koo yasitumike katika mchezo. Wagombea wa kubuni washindane kwa hoja zinazojulikana: maji, barabara, dawa zahanati, karo. Wasichana wagombee nafasi zote, ikiwemo ya gavana, wasiachiwe tu kiti cha mwakilishi wa kike.

Wazazi nao wana haki ya kuuliza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kukusanywa. Mchezo unaodai jina kamili, picha au namba ya simu ya mwanafunzi usifunguliwe darasani.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imeipa kaunti jukumu la elimu ya uraia, na mtaala wa umilisi umeweka uraia na ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wake saba. Mlango uko wazi kwa pande zote mbili. Walimu waanze na darasa moja muhula huu, na uchaguzi ujao wa viongozi wa wanafunzi uwe mtihani wake: fomu ibandikwe mlangoni, kila mmoja aisome, na aliyeshindwa ampe mkono aliyeshinda mbele ya shule nzima.