Takwimu za Mkono wa Pili Zihojiwe

Mchuuzi wa Kariakoo hanunui mchele kwa sifa za dalali. Hufungua gunia akautazama. Takwimu za tabianchi nazo zihojiwe vivyo hivyo. Mwaka 2007 Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi liliandika kwamba barafu ya Himalaya huenda ingetoweka ifikapo 2035. Tarakimu hiyo ilinukuliwa katika taarifa ya shirika la mazingira bila kuhakikiwa. Januari 2010 Jopo likakiri kosa.

Hapa nyumbani, Jangwani ilifurika Desemba 2011. Mhandisi wa mitaro anayenakili kipimo cha mvua cha Uwanja wa Ndege pekee huyasahau maji ya Msimbazi yashukayo kutoka Pugu.

Basi kila tarakimu iulizwe: nani alipima, wapi, lini? Kosa la kitabuni hufutwa kwa kalamu; la mtaroni hulipwa kwa roho za watu.