KOLANDOTO HADI MWANZA, KUPITIA NG'AMBO

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilinikuta Kolandoto, mkoani Shinyanga, nimekwenda kumjulia hali shangazi yangu aliyelazwa hospitalini. Binti yake alikuwa na karatasi ya vipimo mkononi. Akaipiga picha kwa simu ili aitume kwa WhatsApp kwa kaka yetu mmoja aliyeko Mwanza, ambaye ni tabibu, asikie naye anasemaje. Picha ikagoma kwenda. Akatoka nje, akapanda kichuguu, akazima simu na kuiwasha tena. Wapi!

"Kaka, kwani Mwanza si hapo tu?" akaniuliza. "Basi linafika, picha inashindwaje?"

Swali hilo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo.

Wengi wetu hudhani ujumbe huruka kutoka simu moja hadi nyingine kama jiwe la manati. La hasha. Hukatwa vipande vidogo vidogo, wataalamu huviita vifurushi (sivyo vile unavyonunua kwa vocha), na kila kimoja hubandikwa anwani ya kule kinakokwenda. Njiani kuna mitambo iitwayo ruta. Kazi yake ni kama ya askari wa usalama barabarani kwenye njia panda: wewe pita huku, wewe pita kule. Sasa ruta inajuaje njia ipi ni nzuri?

Hesabu inayotumika katika mitandao mingi ilibuniwa mwaka 1956 na Mholanzi aitwaye Edsger Dijkstra. Alikuwa mjini Amsterdam na mchumba wake, wamechoka kuzunguka madukani, wakaketi kunywa kahawa. Kwa muda wa dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi, akaipata. Aliichapisha mwaka 1959. Yeye alijiuliza njia fupi kutoka Rotterdam hadi Groningen. Sisi Groningen hatuendi, basi tuchukue safari ya Kolandoto hadi Karatu.

Dereva wa Fuso anayefuata vitunguu Mang'ola, huko Karatu, ana njia mbili. Anaweza kurudi Shinyanga mjini, akapita Nzega, Singida, Babati na Makuyuni, lami tupu lakini mzunguko mrefu. Au anashika njia ya Lalago na Mwanhuzi, anavuka Mto Sibiti, anapita Matala na kutokea Mang'ola. Kwenye ramani hii ya pili ndiyo fupi, tena kwa mbali. Nilimuuliza dereva mmoja pale njia panda atapita wapi. Akacheka. "Mzee, mwezi huu kwanza naiuliza mvua."

Dijkstra angempa mkono. Kila kipande cha njia hupewa gharama yake: saa, mafuta, matope, vyovyote upendavyo. Unaanzia ulipo, unaandika gharama ya kufika kila mahali panapopakana nawe. Unachagua pale penye gharama ndogo kuliko pote na kupafunga, kwamba hapa hesabu imekwisha. Kutoka hapo unatazama majirani zake. Ukiona njia mpya ya kufika mahali ni nafuu kuliko ile uliyoandika mwanzo, unafuta na kuandika mpya. Unaendelea hivyo hadi zamu ya kufungwa ifike mahali unapokwenda. Haikosei, maadamu hakuna barabara inayokurudishia muda ulioutumia, na mimi sijaiona bado.

Ruta hufanya vivyo hivyo. Hupashana habari: huku kuzima, huku kumekatika. Kila moja huchora ramani, hupiga hesabu, na njia ikifa hupiga upya, mara nyingi kwa sekunde chache tu. Hiyo ni ndani ya mtandao wa kampuni moja. Kati ya kampuni na kampuni mambo ni mengine, kwani hapo mikataba ya biashara ina sauti kuliko ufupi wa njia.

Ila hesabu haijui gharama ambayo hukuiandika. Barabara hiyo hiyo ya Kolandoto na Mwanhuzi iliwahi kutajwa sana katika mjadala wa barabara ya Serengeti, kama njia ya kuizunguka hifadhi kwa kusini. Kukatiza katikati kulikuwa karibu zaidi kwa anayetoka Musoma kwenda Arusha. Lakini nyumbu wanaohama hawamo katika kilomita. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba kujenga lami kukatiza hifadhi ile ni kinyume cha Mkataba wa Jumuiya.

Turudi kwa picha yetu. Mitambo ya WhatsApp haiko Mwanza, wala Dar es Salaam. Iko ng'ambo. Kwa hiyo karatasi ya shangazi, ili ifike Mwanza, ilipaswa kushuka hadi pwani, kuingia baharini, kwenda nchi za watu na kurudi. Na mlango wenyewe ulikuwa umebanwa. Februari mwaka ule nyaya kadhaa zilikatika katika Bahari ya Sham, mkongo wa SEACOM ukiwamo, njia yetu ya kaskazini ikapungua. Kisha siku ile ya Mei, SEACOM na EASSy zikapata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kwenye karatasi ilikuwa mikongo miwili. Katika bahari ilikuwa jirani, na ikaumia pamoja.

Watu walizilaumu simu zao, wengine wakailaumu mitambo. Mimi naona mitambo ilifanya kazi yake. Ilitafuta njia nyingine, ikakuta ni chache na nyembamba, na nchi kadhaa zinazigombea. Dijkstra huchagua njia. Hachimbi mtaro wala hatandazi waya. Ruta zenyewe haziamui mitambo ya huduma tunazotumia kila siku iwekwe wapi. Hilo huamuliwa mezani, na watu.

Mchana ule tukakumbuka kwamba kupiga simu ya kawaida bado kunawezekana, maana haikuhitaji kuvuka bahari. Binamu yangu akampigia kaka yetu, akamsomea karatasi namba moja moja, na zile zenye nukta akizirudia mara mbili. Upande wa pili, Mwanza, kaka alikuwa anaandika.