Pumu ya uzeeni

Mzee akihema baada ya kupanda ngazi, nyumbani husema ni umri. Huenda ni moyo. Huenda ni pumu, ambayo humwanza mtu hata baada ya miaka 60, na kipimo cha kupuliza husaidia kuitambua.

Linalonisumbua zaidi ni dawa. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haupendekezi tena watu wazima watibiwe kwa salbutamol peke yake, ile pampu ya bluu. Hufungua njia za hewa kwa saa chache, lakini uvimbe wa ndani unabaki. Kinachoutuliza ni steroidi ya kuvuta. Tena vidole vyenye baridi yabisi havibonyezi pampu vizuri wala kwenda sawa na pumzi. Hapo chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ikachomekwa pampu, inafaa; watafiti wa Afrika Kusini waliijaribu kwa watoto, wakachapisha matokeo mwaka 1999.

Na matone ya presha ya macho, msikilizaji? Timolol ya jichoni inaweza kubana kifua. Daktari wa macho asipouliza, mtajie pumu yako kabla hajaandika dawa.