Kutembelea Visiwa Vidogo vya Pwani: Hotuba kwa Wakazi wa Kibera na Kawangware



Watu wengi wa Kibera na Kawangware hudhani ya kuwa visiwa vya baharini, pamoja na kasa na pomboo wake, ni starehe ya wageni watokao ng'ambo. Dhana hiyo ina sababu zake. Bahari iko mbali, nauli ni fedha, na mtu ambaye kila asubuhi hununua maji kwa mtungi hana nafasi ya kufikiri habari za maji ya chumvi. Walakini yafaa dhana hiyo iondolewe. Visiwa hivyo ni urithi wa raia wote wa Kenya. Tena, bahari na mitaa hii miwili zimekwisha kuunganishwa na mito, mtu apende asipende.

Kwanza, mahali penyewe. Kusini ya Mombasa, karibu na mpaka wa Tanzania, pana kijiji cha wavuvi kiitwacho Shimoni. Mbele yake kipo kisiwa cha Wasini, na ng'ambo ya Wasini vipo visiwa vidogo vya Kisite, Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini. Kisite hakikaliwi na watu. Ni jabali dogo la matumbawe linalotuliwa na ndege wa baharini. Mwaka 1978 Serikali ilitangaza sehemu hiyo kuwa hifadhi. Kilomita za mraba 28 za Kisite haziruhusiwi kuvuliwa kabisa; katika kilomita za mraba 11 za Mpunguti wenyeji huruhusiwa kuvua kwa zana za jadi. Faida yake ni wazi. Samaki huzaana kwa amani mahali palipofungwa, na kwa kuwa samaki hajui mpaka, wengine huhamia penye nyavu na mishipi ya wavuvi.

Mgeni huondoka Shimoni asubuhi kwa mashua. Mara nyingi makundi ya pomboo huonekana njiani, wakiibuka na kupiga mbizi. Penye maji machache hupewa miwani ya kuzamia, naye akiinamisha uso huona samaki wa rangi nyingi wakipita kati ya matumbawe. Haya si mawe, kama wengi wanavyodhani. Ni viumbe hai wadogo mno, waishio pamoja na kujijengea nyumba za chokaa. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakapauka na kufa. Mahali pengine yamerudi kumea polepole. Huko Wasini wanakijiji, wanawake kwa wanaume, wamekuwa wakiyapanda upya kwa mikono yao.

Kasa naye hupatikana hapo, akila nyasi za baharini. Jike hupanda ufukoni usiku, huchimba shimo mchangani na kutaga mayai yapata 100 kwa mara moja. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka na kukimbilia majini. Wengi huliwa na ndege, kaa na samaki. Wachache mno hukua, na aliyebaki huhitaji miaka 20 au zaidi kabla ya kuzaa. Kwa hiyo kasa mmoja mkubwa akifa, pengo lake si la kuzibwa kwa mwaka mmoja wala miwili.

Msikilizaji atauliza: mtu wa kipato kidogo atafikaje huko? Njia nzuri ni chama. Watu waliozoea kuchangiana kwa arusi na matanga waweza vilevile kuweka akiba kidogo kidogo kwa safari moja. Tangu mwaka 2017 yupo treni ya reli mpya kutoka Nairobi hadi Mombasa. Kisha hupandwa feri ya Likoni, na matatu za kuelekea kusini. Ada ya kuingia hifadhini ni ndogo kwa raia kuliko kwa mgeni wa nchi nyingine, na mashua ikikodiwa na watu wengi gharama hugawanyika. Wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Wakati wa kusi mawimbi ni makali, ingawa ndio msimu ambao nyangumi hupita pwani, kuanzia Julai hadi Septemba.

Safari hiyo ina adabu zake. Kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha, hata ajuaye kuogelea. Matumbawe yasikanyagwe wala kuvunjwa. Kasa asishikwe. Pomboo wasifukuzwe, nahodha apunguze mwendo, nao wakipenda watakuja wenyewe. Makombe na magamba ya kasa yasinunuliwe. Baada ya hayo yafaa kupita Wasini, ambako wanawake wamejenga njia ya mbao kati ya mikoko na matumbawe ya kale, na kiingilio chake husaidia mahitaji ya kijiji. Kisiwa hicho hakina mto, na kwa miaka mingi wenyeji wake wametegemea maji ya mvua. Mtu wa Kibera aonapo mitungi yao hatahitaji kuelezwa taabu hiyo.

Sasa yabaki habari ya mito. Mto Motoine hupita Kibera na kuingia Bwawa la Nairobi. Ukitoka hapo huitwa Ngong. Mto Nairobi nao hushuka kutoka kinamasi cha Ondiri na kupita upande wa Kawangware. Yote miwili hukutana mashariki ya jiji na kuingia Athi. Athi huitwa Galana mbele yake, kisha Sabaki, na mwisho humwagika baharini kaskazini ya Malindi, jirani na hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968. Kwa hiyo taka itupwayo mferejini Kibera haipotei. Mvua kubwa ikinyesha, kama ile ya Aprili 2024 iliyobomoa nyumba kandokando ya mito ya Nairobi, hiyo taka husafiri.

Mfuko wa plastiki ueleao majini hufanana na konyeza, ambaye ni chakula cha kasa wengine. Akimeza mfuko, tumbo lake huziba. Huko Watamu, ambako shirika la Local Ocean Conservation huwatibu kasa wagonjwa na waliojeruhiwa, wako waliokutwa na plastiki tumboni. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 28 Agosti 2017 ilipiga marufuku mifuko hiyo. Lakini chupa, vifuniko na ndara kuukuu vingali mitoni.

Ni kweli kwamba vichochoro vingi havifikiwi na gari la taka, na si haki kumlaumu mama mwenye nyumba kwa kosa lisilo lake peke yake. Hata hivyo, vipo vikundi vya vijana vinavyokusanya taka mlango kwa mlango, kuuza plastiki na kusafisha kingo za mito. Kikundi kama hicho chastahili kuungwa mkono kwa ada yake ndogo, na wazee wa mtaa wana haki ya kuidai kaunti huduma iliyo wajibu wake.

Asiyeweza kwenda Kisite mwaka huu asione kwamba habari hii haimhusu. Safari ya mashua yaweza kungoja mpaka chama kijae. Mvua haingoji, na mfereji ulio mbele ya mlango wafaa usafishwe kabla haijanyesha.