Saa ya Kwanza ya Nyota Ipasukayo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Msimbazi)



Nyumba ikiungua hapa Kariakoo, afikaye mapema huona kama moto ulianzia jikoni au dukani. Afikaye kesho hukuta majivu, na majivu hayasemi. Ndivyo zilivyo nyota zipasukazo.

Nyota kubwa, ipitayo mara nane uzito wa jua letu, ikiishiwa na kuni zake, kiini chake huporomoka na sehemu za nje hurushwa mbali. Kwa miaka mingi wataalamu waliziona siku kadhaa baada ya kupasuka, ilihali ushahidi wa kwanza umekwisha potea.

Walakini tarehe 9 Januari 2008 chombo cha angani kiitwacho Swift kilikuwa kikitazama kundi la nyota liitwalo NGC 2770, ambalo nuru yake husafiri zaidi ya miaka milioni 80 hata kutufikia. Ghafula ukatokea mmweko wa eksirei, miale ile ile itumikayo hospitali kutazama mifupa. Ukadumu dakika chache, ukazimika. Bibi Alicia Soderberg na wenzake wakatambua ya kuwa nyota imepasuka wakati ule ule.

Kwa mmweko huo, na nuru iliyofuata, walijua nyota ile ilikuwaje kabla ya kufa: nzito, lakini iliyojikusanya, nayo ilikwisha vua vazi lake la nje la haidrojeni. Laiti wangalichelewa siku chache, mmweko ule usingalionekana kamwe.

Na pwani yetu ina sehemu katika kazi hii. Habari za Swift zilipokewa katika kituo cha Waitalia huko Malindi, Kenya. Pwani hiyo hiyo, tarehe 12 Desemba 1970, kilirushwa chombo cha kwanza cha kuchunguza eksirei za mbinguni. Kikaitwa Uhuru, kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake.

Ndugu zetu, mmweko ule ungalipotea bure kama saa yake isingaliandikwa. Nasi tujiulize: ni wajane wangapi wamekosa haki ya marehemu kwa sababu karani hakuandika tarehe siku ile ile barua ilipofika? Tuandike mapema, tuandike kweli.